Nyamazeni Kidogo Nisikie

Wenye magari wa mitaa mitatu walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Mteja akifika gereji akaanza kueleza kwamba gari linafanya hivi, mara linafanya vile, fundi aliinua kiganja: "Nyamaza kidogo nisikie." Kisha aliinamia boneti, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, na baada ya muda akasema ni bushi, au ni beringi ya gurudumu la kulia. Wakifungua, wanaikuta. Maneno ya wateja hakuyapenda kabisa. Alisema yanampoteza fundi, maana mtu hudanganya lakini gari halidanganyi.

Gari lake mwenyewe lilikuwa na hadithi nyingine. Lilishinda uani boneti wazi, likingoja zamu, na zamu haikufika. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alipokuwa mdogo aliomba apelekwe kwenye bustani ya bwawa, nje kidogo tu ya mji, mahali ambapo ukiondoka baada ya chai unafika kabla kiu haijakushika. Baba alijibu, "Jumapili ijayo." Jumapili ikifika kulikuwa na gari la mtu la kumalizia. Ikawa Jumapili ijayo na ijayo tena, mpaka maneno hayo yakageuka utani wa nyumba. Mama akiulizwa lini atabadilisha mapazia, anajibu, "Jumapili ijayo," na wote wanacheka. Baba naye alicheka, ingawa roho ilimsuta.

Sasa binti alikuwa mtu mzima, mpima ardhi, na kampuni moja ya nchi ya mbali ilikuwa imemwita kazini. Ilimpa mpaka Jumatatu awe amejibu kama anaenda au haendi. Siku chache kabla, wakiwa mezani, alisema bila kuinua macho, "Baba, hii Jumapili ijayo yetu, si tuifanye wiki hii?"

Fundi aliacha magari yote ya watu akaliingia la kwake. Jumamosi jioni mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na macho yake hayakupitwa na uzi, alimfuata uani.

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinizungushe. Hulali, unageukageuka tu kitandani. Unataka abaki."

Fundi alikaza nati iliyokuwa imeshakazwa. Alitaka abaki, ndiyo. Lakini baba anamwambiaje mtoto aache bahati yake akae naye? Halafu akajiona mjinga, kwa sababu kumwambia tu si kumfunga kamba. Ajue, basi, halafu aamue mwenyewe.

"Nitamwambia tukifika," alisema. "Tumekaa pale kwenye maji, nimenawa mikono, tumetulia."

Waliondoka asubuhi, baba kwenye usukani na shati lake moja la maana, mama pembeni na kikapu miguuni, binti kiti cha nyuma upande wa mama. Walipita maduka ya vipuri, wakapita vijana wanaoosha magari, nyumba zikaanza kuachana, zikaja zile ambazo hazijaezekwa, kisha bustani za mboga. Binti alishusha kioo akachungulia kila kitu kama mgeni. Mama alitania kwamba wapige picha haraka, kabla dereva hajaghairi.

Walipokipita kituo cha mwisho cha mafuta, fundi alisikia. Ko-ko-ko. Kimya. Ko-ko-ko.

Alisimamisha gari, akafungua kikapu, akavifunga vikombe kwa taulo kimoja kimoja. Wakaondoka. Ko-ko-ko.

"Baba," binti alisema kutoka nyuma, "kuna kitu nilitaka ku..."

Kiganja kikapanda juu chenyewe. "Nyamazeni kidogo nisikie."

Wakanyamaza. Na mlio nao ukanyamaza, jambo lililomkera kuliko mlio wenyewe. Mafundi wote wanayajua magari ya namna hiyo, yanayougua njiani na kupona mbele ya daktari. Alipoongeza mwendo, hapo hapo ukarudi, nyuma kushoto, safari hii wa haraka zaidi.

"Mume wangu," mama alisema, "sauti hiyo siyo ya..."

"Wewe ufundi ulisomea lini? Nyamazeni nisikie, jamani!"

Mama alikunja mikono kifuani akageukia dirisha. Alikuwa mwanamke wa kununa vizuri, akianza hamalizi leo.

Fundi alipaki chini ya mti, akatoa jeki. Alifungua gurudumu, akakagua breki, akatikisa shokapu, akajilaza chini na shati la maana likaenda na maji. Binti alichuchumaa karibu yake akazishika nati kiganjani, kama alivyokuwa akifanya utotoni akirudi shule. Alizishika zote bila kuangusha hata moja.

"Kama zamani," alisema.

Neno lilimfika fundi kooni. Baki. Lilikuwa fupi, lingetoka tu. Lakini mikono yake ilikuwa imejaa grisi, na alikuwa amejiahidi kulisema akiwa amenawa, ametulia, mbele ya maji. "Nipe moja," alisema, na binti akampa nati.

Alifungua na kufunga, akajaribu gari mbele na nyuma, hakupata kitu, akafungua tena. Jua lilipita utosini likaanza kushuka. Mama alilala kwenye kiti, au alijifanya.

Walipofika bustanini, mlinzi alikuwa anavuta geti.

"Tunafunga, wazee wangu," alisema kwa upole. "Njooni Jumapili ijayo."

Walitazamana, kisha wote watatu wakaangua kicheko, hata mama akasahau kwamba amenuna. Mlinzi hakuelewa amechekesha nini. Binti alicheka mpaka akajifuta macho, na akaendelea kuyafuta baada ya wenzake kuacha. Walikunywa chai wamesimama nje ya uzio. Maji yalionekana kipande kidogo katikati ya vyuma, na mashua za kukodi zilikuwa tayari zimefungwa pamoja.

Wakati wa kurudi gari halikulia hata mara moja. "Mmeona?" fundi alisema. "Nimelimaliza." Walipokaribia nyumbani akakumbuka. "Hivi ulitaka kusema nini kule njiani?"

"Wapi, baba?"

"Kule, kabla sijasimama."

Binti alipandisha kioo. "Limenitoka," alisema.

Na fundi, aibu iliyoje, alishusha pumzi. Neno lake pia aliliweka. Atamwambia asubuhi, alijisemea, akili ikiwa imepumzika. Asubuhi alipotoka chumbani alimkuta binti ameshatuma jibu tangu alfajiri, na anachemsha maji ya chai.

Siku ya safari walimsindikiza mpaka pale ambapo wasindikizaji huishia. Kurudi, walikuwa wawili tu, na gari lilikwenda kimya kama jipya. Mama alikataa kukaa mbele, akakaa nyuma, mahali pa binti. Njiani alinyoosha mkono akagonga mlango kwa kifundo cha kidole.

Ko-ko-ko.

Fundi alikanyaga breki katikati ya barabara. Waliokuwa nyuma wakampigia honi na kumtukana.

"Ndio huo mlio wako," mama alisema. "Tangu mdogo, akiwa na neno zito hugonga kwanza. Alivyovunja kioo cha jirani aligonga meza ile mpaka chai ikamwagika. Humjui mwanao?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza nimesomea ufundi lini." Sauti yake haikuwa na ukali tena. "Kuwa moyo wake umegawanyika hata mimi sikujua mpaka jana, tukifunga mizigo. Alisema, 'Mama, ningemsikia baba akisema nibaki, ningebaki.' Lakini alishatia sahihi."

Fundi aliegesha gari pembeni. Alilia na mikono kwenye usukani, mkewe akamshika bega kutoka nyuma na hakumwambia anyamaze.

Tangu hapo wateja walishangaa. Sikio amekuwa mtu wa kusikiliza hadithi. Unaeleza gari lako, unaingia mambo ya mkwe wako, yeye anatikisa kichwa tu na spana mkononi. Wengine walisema anazeeka.

Mwaka ulikuwa unakaribia kugeuka binti alipopiga simu, wakati gereji imechangamka, magari mawili yananguruma na la tatu linapigwa nyundo. Waliulizana hali, mvua, afya ya mama. Kisha maneno yakakatika, na kwa mbali, nyuma ya kelele zote, fundi akasikia. Ko-ko-ko.

Alipeperusha mkono kama kichaa. Injini ikazimwa, na ya pili, na mwenye nyundo akabaki ameishika hewani.

"Sema, mwanangu," alisema. "Nakusikia."

"Baba... wameniongezea mkataba. Wa kudumu. Nimekubali. Nimepata na nyumba huku."

Fundi alitazama mikono yake. Ilikuwa imejaa grisi.

"Nilitaka ubaki," alisema. "Siku ile, njiani. Nilitaka kukuambia ubaki."

"Najua, baba. Mama aliniambia." Halafu akauliza kwa sauti ya kuchangamsha mambo, "Mbona kimya hivyo gerejini? Siku hizi hakuna magari?"

"Yapo," fundi alisema. "Nimeyazima."