Mwalimu Wilinoti Apokea Simu

Jina hilo walimbandika wanafunzi wake. Kiingereza cha mkato alikuwa hakipendi hata kukisikia. Mtoto akibananisha maneno mawili yakawa moja, anasimamishwa mbele ya darasa ayatamke yote, moja moja, kama anayepanga matofali: Ai. Wili. Noti. "Ukisema nusu neno, utapata nusu maksi," ndivyo alivyowaambia mpaka akastaafu, na mtaa mzima ukabaki ukimwita Mwalimu Wilinoti.

Kwa hiyo simu ya hospitali ya ng'ambo ilipoita, dada yake mkubwa hakubabaika. Mwana wa dada huyo alikuwa ameanguka kwenye jengo alilokuwa akilipaka rangi huko, na tangu juzi hajitambui. Dada, fundi wa nguo, akasimamisha cherehani, akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, akafungua spika.

"Haya kaka, kazi yako hiyo."

Mwalimu akakohoa, akajitambulisha kwa Kiingereza kilichonyooka. Nesi akaanza.

Lo! Utadhani bomba limepasuka. Maneno yalikuja yamepandana migongo, hili limemmeza mwenzake kichwa, lile limekatwa mkia. Yale aliyoyafundisha miaka nenda rudi lazima yalikuwemo mle, ila yalimpita kama wanafunzi wa zamani wasiotaka kumwamkia.

"Anasemaje?"

"Anatusalimia."

"Salamu gani ndefu hivyo?" akadakia shoga yake dada, aliyekuja kupima gauni na bado ana pini begani. "Hata mkwe hasalimiwi hivyo!"

"Hebu nyamaza, shoga."

Mwalimu akamwomba nesi aseme polepole. Nesi, kwa huruma kabisa, akapaza sauti. Kasi ikabaki ileile. Akadaka "daktari", akadaka "asubuhi", katikati patupu. Mwishoni sauti ikapanda, ikanyamaza. Hapo hakuhitaji kuambiwa: ni swali, na yule mama anasubiri ndiyo au hapana.

"Kaka?"

"Ametuuliza kitu."

"Kitu gani?"

Akaomba arudie. Likaja lilelile, mbio zilezile, na mwishoni kimya kilekile, nyuma yake mashine fulani ikilia ti, ti, ti.

"Simwelewi, dada."

"Si huyo anaongea hapo!"

"Sauti naisikia. Maneno siyapati."

"Wewe? Wewe uliyesomesha watu Kiingereza hapa?"

"Mimi."

Dada akaacha kumtazama, akaitazama simu. "Mwambie ndiyo."

"Ndiyo ya nini?"

"Si wao wanaomtibu? Wakiuliza, ni la kumsaidia. Mwambie ndiyo kabla hajakata!"

Mwalimu akainama juu ya meza.

"Yesi," akasema. "Yesi, sista."

Nesi akashukuru, hilo alilisikia barabara, akaongeza kipande kifupi cha harakaharaka, na simu ikakatika. Namba yenyewe ilikuwa imefichwa. Pa kupiga hapakuwepo.

Yule shoga akaanza kujichomoa pini, moja moja. Dada akajitupa kwenye kiti chake, mikono juu ya kitambaa cha watu.

"Kaka," akauliza taratibu, "tumekubali nini?"

Simu ilikuwa imeshazima taa.