Zamu ya Gauni la Harusi

Katika karakana ile ya ushonaji sheria ilikuwa moja, na hata paka wa mlangoni aliijua: avurugaye zamu za wateja atashona kwa mkono matundu yote ya vifungo vya kazi aliyoichelewesha. Aliyeitunga ni fundi mkuu, aliyeitwa Bwana Rula kwa kuwa rula haikumtoka mfukoni, hata alipokwenda mazikoni.

Kwa miaka thelathini zamu ziliandikwa kwenye vikaratasi vilivyobanwa kwa pini ubaoni. Mwaka huo kitindamimba wake, binti aliyesomea kutengeneza programu, alimletea tableti yenye orodha ile ile: unaigusa kazi kwa kidole, unaiburuta juu au chini, kisha unaiachia. Mzee aliipokea kwa fahari ya mzazi, akawa akiipangusa kila asubuhi kwa kipande cha hariri.

Jumatatu bibi harusi alifika kujaribu gauni lake la Jumamosi, akakuta kitambaa hakijaguswa mkasi. Gauni lilikuwa mkiani, chini ya sare za shule. Aliyepanga zamu alikuwa Bwana Rula peke yake, naye alikumbuka wazi kwamba alilipandisha juu. Akaliburuta tena mbele ya wote, akaachia. Likatua la tatu kutoka mwisho.

Fundi wa suruali akasema, "Mzee, hilo gauni limebadili nia kabla ya mwenyewe."

Wakacheka. Bwana Rula hakucheka. Baba yake mzazi alianza hivyo hivyo, kwa mambo madogo, akaishia kuwasahau wanawe majina. Akaweka funguo za karakana mezani, akaagiza kitambaa kikatwe papo hapo, akauchukua ukanda wa mgongo wa gauni, uliohitaji matundu arubaini na mawili ya vifungo.

"Sheria ni msumeno," alisema. "Mwiteni binti yangu, aje achukue funguo."

Binti alimkuta kwenye tundu la tatu. Hakumpa pole. Aliutoa ule ubao wa zamani nyuma ya kabati, akamwomba ahamishe karatasi moja. Mzee alichomoa pini, karatasi ikainuka, mahali pake pakabaki pengo. Kwa dole gumba la mkono wa pili akazitanua karatasi mbili, akapata nafasi, ndipo akabana. Binti akamwomba arudie, kisha arudie tena, naye binti macho yake hayakutoka mikononi mwa baba. Mwisho akakaa juu ya marobota ya vitambaa, amejishika kichwa.

"Ubao unakuonyesha umeshika nini, umeitoa wapi na itatua wapi," alisema. "Kifaa changu kimekaa kimya tu. Nimekufunga kitambaa machoni, baba, halafu nikakuacha udhani umezeeka."

"Nimezeeka."

"Umezeeka, lakini si kwa hili."

Mzee alikohoa kikohozi kile ambacho nyumbani kwake kila mtu alijua hakikuwa cha kifua.

Hadi alasiri binti alikuwa ameirekebisha. Sasa kazi iliyoshikwa iliinuka na kivuli chake, ikaacha pengo ilikotoka; nyingine zikasogea kuipisha, na mstari mnene wa buluu, mfano wa chaki ya fundi, ukaonyesha itakapotua. Ukiachia kabla ya mstari kutokea, kazi hurudi kwao. Bwana Rula alilipandisha gauni hadi juu kabisa, likatii. Akalishusha, akalipandisha, mara nne. Fundi wa suruali akamwambia kwamba sasa anacheza; akajibu kwamba anakagua.

Binti akaichukua sindano, ambayo haikuguswa tangu tundu la tatu. "Aliyevuruga zamu ni mimi. Yamebaki thelathini na tisa."

Mzee alitaka kumsamehe, akajizuia. Sheria aliyowashikisha wengine miaka yote hiyo hangeipindisha kwa mwanawe. Akamvutia kiti penye mwanga wa dirisha. Mkono wa binti ulikuwa mzito. Mara saba mzee alifumua tundu, akamrudishia.

Ijumaa mchana binti alikata uzi wa tundu la arubaini na mawili, ncha za vidole zikimuuma. Bwana Rula alipima moja baada ya jingine kwa rula, asiruke hata moja. Kisha akaichukua rula na zile funguo alizoziweka mezani, akavitia vyote mfukoni mwake.

"Umelipa," alisema.