Kamba ya Mgeni

Nzisa alifika mapema katika ukumbi wa kanisa mtaani Mbotela, na gunia la kamba za mkonge begani. Kila kamba ilikuwa na urefu wa mita moja, na zote alikuwa amezisokota pajani mwake kwa miezi miwili. Mwalimu Mutisya, jirani yake, ndiye aliyemwombea nafasi. Kulikuwa na warsha ya hisabati ya watafiti, walimu na wanafunzi wa chuo, na siku ya mwisho wote wangesuka viondo ishirini, vile vikapu vya mkonge. Walipatana hivi: wao wajifunzie kamba zake, na viondo vikikamilika viwe vyake vya kuuza.

"Sasa, Nzisa," alisema Kui, mwanafunzi wa chuo. "Mbona kimya hivyo, ama umeletwa kwa nguvu?"

Nzisa alitabasamu akaangalia viatu vyake. Aliacha shule akiwa darasa la sita, na mpaka leo akiona ubao hutafuta mlango uko wapi.

Mtafiti aliyeongoza warsha, Daktari Waruguru, alichora duara ubaoni, kisha akatoa mistari kutoka katikati hadi ukingoni, kama miale ya jua.

"Hizi ndizo kamba," alisema. "Unazizungushia uzi mweusi na mweupe kwa kupishana. Kamba zikigawanyika kwa mbili, rangi zinasimama wima. Ikizidi moja, kila mzunguko rangi inasogea hatua moja, na mchoro unapanda ukizunguka kiondo. Tunataka huo. Kwa hivyo kamba sitini na moja, nusu mita kila moja, kutoka katikati hadi mdomoni. Kui, anza kuzikata katikati."

Kui akachukua mkasi.

Nzisa aliutazama mkasi. Hesabu ilikuwa sawa, lakini hakuna kiondo kinachoanzia katikati. Kamba huvuka kitako, kutoka mdomo wa upande huu hadi wa upande ule. Zote zikikatwa hapo, kitako hakina cha kukishika, na kamba fupi hairefuki tena.

Mkasi ulilia. Moja. Mbili.

"Mwalimu," Nzisa alinong'ona, "waambie waache."

"Niwaambie nini? Mimi kiondo najua kukibeba tu," alijibu Mutisya. "Sema wewe."

Tatu. Nzisa aliinuka akamshika Kui mkono.

"Wee! Nusura nikukate kidole!"

Nzisa aliketi sakafuni, akatandaza kamba nzima, akazipishanisha mbili mbili mpaka kitako kikaanza kuonekana. Watu walisogea.

"Kamba moja ina ncha mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Thelathini nzima, ncha ni sitini."

Daktari alichuchumaa. "Lakini sitini inagawanyika kwa mbili. Tutapata rangi zilizosimama."

"Ndiyo." Nzisa aliokota kipande kimoja alichokata Kui, akakichomeka kando ya kitako. "Nyanya yangu aliiita hii mgeni. Haivuki. Inashikwa na wenzake tu. Sasa ni sitini na moja."

Mwalimu mmoja kutoka Kiamaiko alipiga mluzi. "Daktari, leo digrii zote zimelala chini ya gunia!"

Ukumbi mzima ulicheka, Daktari kuliko wote. Alifuta miale yake, akamnyooshea Nzisa chaki. "Njoo uchore."

Nzisa aliitazama ile chaki. Mlango ulikuwa nyuma yake, wazi.

"Chora wewe, Daktari," alisema. "Mimi nitakuonyesha inapopita."

Daktari akachora, akigeuka kila mara kuuliza: "Hapa?" Naye Nzisa, bila kuinuka sakafuni, akimwambia: "Bado. Vuka mpaka ng'ambo."

Kui aliviinua vipande vilivyobaki. "Na hivi nilivyoharibu, nitupe?"

"Usitupe. Viondo ni ishirini, na kila kimoja kinataka mgeni wake. Umekata kamba tatu, hizo ni nusu sita." Nzisa alipiga hesabu kichwani. "Kata saba zaidi. Halafu uniletee huo mkasi."