Kuchomoa Bila Kuzima

Mume wangu namwita Meneja, cheo alichojipa mwenyewe siku tuliyofungua studio yetu ya video kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Mhariri ni mimi. Fundi wa kompyuta ni mimi. Yeye anasimamia, yaani anasimama nyuma yangu.

Ugomvi wetu una mtindo mmoja. Nikikataa kukata kipande asichokipenda, ananinyang'anya diski yenye kazi. Zamani hiyo ilikuwa shughuli: azime kompyuta, atafute bisibisi, afungue ubavu wake skrubu moja moja. Akifika ya mwisho hasira zimeshapoa, anauliza chai iko wapi. Basi mimi, kwa kimbelembele changu, nikamrahisishia. Wateja walikuwa wanaleta diski zao kila wakati, nikachoka kuzima na kuwasha. Nikafunga kisanduku chenye droo mbili mbele ya kompyuta, nikaingia kwenye ile mipangilio inayofunguka kabla mashine haijaamka vizuri, nikaruhusu diski za kwenye droo zichomolewe na kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka. Ile inayobeba mfumo wenyewe sikuigusa. Sijachoka kuishi.

Tulipokosana tena, sikumbuki hata kwa lipi, Meneja akavuta droo na diski ikawa kwapani.

"Unatakiwa uiage kwanza kwenye skrini," nikamwambia. "Ukiichomoa ghafla itakufa."

"Diski haina moyo," akajibu, akaenda zake.

Haya. Dawa ya moto ni moto. Alipoirudisha, nikatafuta diski ya pili, nikaiweka droo ya chini, nikazifanya pacha: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, na moja ikitoka mwenzake anaendelea na kazi. Meneja alipouliza hiyo nyingine ni ya nini, nikasema ni ya akiba. Sikudanganya.

Ndipo ikaja video ya mama yake.

Mama mkwe ni mkunga. Siku ya kuagwa kwake kustaafu, ukumbi umejaa, Meneja ndiyo kwanza kashika kipaza sauti, akaingia muuguzi mbio: kuna mama wodini, mtoto amekaa vibaya. Mama mkwe akaacha maua yake kwenye kiti, akatoka na gauni lake la sherehe. Hotuba ya mwanawe hakuisikia. Na katika hotuba hiyo Meneja alilia. Siyo kulengwalengwa na machozi, alilia mpaka kamasi, mbele ya kamera yangu. Tangu hapo mawifi zangu wanamsimulia mama yao, naye Meneja anakana: eti lile lilikuwa jasho, eti alisema asante tu akakaa.

"Kata hicho kipande," akaniambia.

"Sikati. Mama hakukiona, na ndicho anachokitaka."

"Meneja ni mimi."

"Na mkasi ninao mimi."

Jumapili mchana wakaja, mama mkwe na mawifi wawili, wakajipanga kwenye benchi la wateja. Nikaunganisha televisheni ya ukutani na kompyuta, nikaanzisha. Meneja alikaa karibu na mashine, mtulivu mno. Namjua mume wangu, akitulia wewe ficha vitu.

Hotuba ilipoanza akainuka kana kwamba ananyoosha mgongo, akavuta droo ya juu, akachomoa. Akaja kusimama mbele ya televisheni, diski kaificha mgongoni, uso ameshauandaa kwa masikitiko.

"Poleni jamani," akasema. "Mitambo hii haiaminiki."

Picha ilisita kidogo, ikaendelea.

Nyuma yake, Meneja wa kwenye televisheni akavuta pumzi. "Nilipokuwa mdogo," akasema, "niliwaonea wivu watoto wa watu. Mama aliwashika wao kwanza. Mimi nilikuwa nalala nikimsubiri." Kisha yakamtoka, machozi na kamasi, yote, wala hakuna jasho hata tone.

Meneja wa chumbani akageuka. Akaitazama televisheni, akaitazama diski mkononi, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshapanga kucheka. Siku zote hizo nilikuwa naisubiri sura ile, nicheke mpaka nikae chini. Sasa imekuja, na kicheko kimenikwama, namwonea huruma mwanaume wa watu.

Wifi mkubwa akafungua mdomo aseme lake. Mama mkwe akamgusa goti, naye akaufunga. Alikuwa amevaa miwani, amejisogeza mpaka ukingoni mwa benchi, anapeleka kichwa huku na huku akitafuta pa kuonea.

"Sogea kidogo, baba," akamwambia mwanawe. "Unaniziba. Namtazama mwanangu."