Gata Iliyolala Sawa

Kavata alikuwa amejenga nyumba kumi na moja kati ya Matinyani na Tulia, na hakuna hata moja iliyopata ufa. Lakini wageni kumi na wanne walipokuja kutoka Denmaki kuijengea shule tangi la maji ya mvua, Mzee Musyimi, mwenyekiti wa kamati, alimpeleka jikoni.

"Watu wamevuka bahari waje wajenge," alisema. "Tukiwapatia fundi, watafanya nini? Wewe wapikie. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kavata alipona kwa kukata sukuma wiki siku tisa mfululizo. Wageni wenyewe hakuwachukia. Jens, kiongozi wao, alikuwa daktari wa meno, na kuchapa kazi alijua. Ila siku ya tisa, Kavata alipowapelekea chai, aliwakuta wakipigilia gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, kwa kutumia pima maji, imenyooka kama rula kutoka mwanzo wa paa hadi mwisho. Akamwendea Musyimi.

"Mwenyekiti, hii gata lazima iinamie kwa tangi. Ikilala flat hivi, maji haitaenda."

"Mama Mwende, chai inapoa," Musyimi alimjibu.

Basi. Na mvua haikungoja kamati ikutane. Kesho yake saa nne asubuhi ilishuka kwa kishindo, ya kwanza tangu Aprili. Wageni walikimbilia darasani wakatoa karata, maana kwao mvua ikinyesha, ujenzi hulala. Kwetu Kitui ni nani alale? Mwaka uliopita mvua ya Novemba ilinyesha mara tatu tu, ikaondoka bila kuaga. Mwende, binti yake Kavata, alikuwa akipitia mtoni kila alfajiri kuchimba maji mchangani, ajaze mtungi wa lita tano, ndipo aje shule. Akichelewa, aliadhibiwa.

Kavata alisimama mlangoni pa jikoni akatazama. Maji yalijaa kwenye gata, yakasimama, kisha yakamwagika upande wa pili, mbali kabisa na tangi. Tangi jipya, kubwa, kavu! Akaacha sufuria motoni, akachukua nyundo na kubeba ngazi.

"Kavata! Na ugali?" Musyimi alipiga kelele kutoka chini ya mwavuli.

"Ugali itangoja, Mwenyekiti. Mvua haingoji," alijibu akipanda.

"Shuka! Unatuaibisha mbele ya wageni!"

Hakushuka. Ngazi iliteleza kwenye tope, na hapo Jens akatoka mbio bila koti akaishika. Kavata hakuwa na maneno ya Kidenmaki, na Kiswahili cha Jens kilikuwa haba. Alinyoosha nyundo kule maji yalikomwagika, kisha akaielekeza kwenye tangi. Jens akatazama, akajipiga kofi kwenye paji la uso, akawaita wenzake. Karata zikaachwa. Kavata alitoa amri kwa Kikamba kitupu, nao wakatii: huyu inua, yule shikilia, wewe lete misumari. Aling'oa vyuma vilivyoshikilia gata, kimoja kimoja, akavishusha kwa upana wa kidole kimoja, vidole viwili, hadi kiganja kizima upande wa tangi.

Maji yalisita. Kisha yakageuka, yakakimbia, yakaanguka ndani ya tangi kwa ngurumo.

Watoto walimiminika nje wakipiga mayowe, walimu nyuma yao, na mpishi mwenzake naye akaacha jiko, akapiga vigelegele. Kavata alicheka juu ya ngazi akiwa amelowa chepechepe, na machozi yalimtoka bila aibu.

Jens alimgeukia Musyimi. "Huyu ni fundi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Siku tisa, kwa nini jikoni?"

Musyimi alikohoa, akautazama mwavuli wake. Harufu ya ugali ulioungua ikamjibia.

Kavata aliteremka polepole. Aliuchukua mtungi wa Mwende, akaukinga kwenye bomba la tangi hadi ukajaa, akamkabidhi mwenyekiti kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Chukua, Mzee. Maji ya kusongea ugali mwingine."

Musyimi akafunga mwavuli, akaubeba mtungi, akaenda jikoni.