Upande wa Pili wa Kitabu

Nyumbani kwa Hadijah asubuhi ilikuwa na utaratibu wake, na ole wake aliyeuvuruga. Kwanza swala. Kisha karai la mandazi, kwa sababu madereva na matanboi, yaani utingo, wa malori yaliyolala foleni mpakani Busia walikuwa hawana subira ya kungoja jua. Sinia likishabaki makombo matupu, Hadijah alinawa unga mikononi, akatandika mkeka karibu na dirisha, akatoa kibao cha kukunjua alichorithi kwa baba yake, kile cha kuwekea msahafu. Hapo juu aliweka kitabu kimoja cha kusomea ambacho jalada lake lilikwisha kufa zamani, akaita, “Wanafunzi.”

Wanafunzi walikuwa wawili. Aidah, mkubwa, alikuwa amekwisha kuingia mwaka wa tisa. Abdallah, mdogo, alikuwa wa miaka mitano na kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza kama masomo yamekwisha. Wote wawili walikaa mbele ya mama yao, ng’ambo ya kitabu, miguu wameikunja vizuri. Hadijah alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Mumias, na katika chuo cha baba yake mwanafunzi hakukaa ubavuni kwa mwalimu kama mtu aliyekuja kupiga soga. Alikaa mbele yake kwa adabu. Ndivyo alivyosomeshwa yeye, na ndivyo alivyosomesha.

Alifuatisha maneno kwa kijiti cha fagio, na watoto wakatamka. Baadaye walileta sinia kuukuu lenye majivu yaliyochekechwa, maana chaki ilikuwa shida kupatikana, na Aidah akaandika kwa kidole yale aliyoyasoma. Hadijah aliyatazama maneno yale kutoka mahali alipokaa, akaona yamesimama wima kama askari wa gwaride. Akasema mashaallah, akalitikisa sinia, wakaanza hesabu. Hesabu ilikwenda mpaka maharagwe ya mchana yalipotaka kutazamwa, na hapo shule ilifungwa.

Mtu asidhani Hadijah alipenda tu kujitwisha mzigo. Aidah alikuwa amepatwa na surua akiwa mchanga, ikamwacha hai lakini ikamfupisha. Siku hizo mtoto hakuulizwa cheti cha kuzaliwa. Aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ametosha kuanza shule. Asipolifikia, arudi nyumbani akale ugali. Kila Januari Aidah alipitisha mkono wake, akajinyoosha mpaka ulimi ukamtoka, na kila Januari kidole kilikomea kwenye nywele. Watoto wa majirani aliozaliwa nao waliondoka asubuhi na mabegi ya kitambaa, yeye akabaki dirishani akiwatazama mpaka wapite kona. Hadijah alipoona macho yale, akasema basi, shule itamfuata hapa hapa mkekani.

Sasa mkono ulikuwa umefika sikio, mwaka mmoja au miwili baada ya bendera ya uhuru kupanda, na shule imepata mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Echodu, mtu wa upande wa Malaba. Huyu akamtazama Aidah, akauliza umri wake, akasema amepita umri wa darasa la kwanza, na darasa lenyewe limejaa mpaka mlangoni. Mkono ulipokuwa mfupi alikuwa mdogo mno, mkono ulipofika akawa mkubwa mno. Hadijah alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Mwalimu akasema liko jambo moja tu: mama aje naye Ijumaa, mtoto asome mbele yake. Akisoma vizuri, ataingia darasa la tatu pamoja na rika lake. Asiposoma, hakuna la kufanya.

Na kama hakuna la kufanya, ilikuwa ni Tororo. Mbarak, baba wa mtoto, aliendesha lori la pamba na hakuwa mtu mkali. Alikuwa amesema kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumbishia: mtoto hawezi kuzeeka mkekani. Dada yake Zulaika anakaa Tororo, hana mtoto, na shule ya huko iko tayari kumwanzisha. Jumamosi lori linavuka mpaka. Aidah akikataliwa Busia, apande, akaishi kwa shangazi yake.

Tororo si mbali. Lakini Zulaika aliwahi kulea mpwa mwingine, na mtoto yule aliporudi kwao baada ya miaka alibisha hodi kama mgeni na kumwamkia mama yake mzazi kwa aibu. Hadijah alikuwa amemwona kwa macho yake. Alifua nguo za Aidah, akazipanga katika sanduku la bati, na kila alipoweka gauni moja alihisi kama anajizika vipande vipande. Hakumwambia mtu.

Siku ya Ijumaa wakaenda. Ofisi ya Mwalimu Echodu ilikuwa chumba chembamba chenye meza na rafu ya vitabu vichache vilivyofungwa kamba. Hadijah alisimama karibu na mlango, Aidah mbele ya meza, kidevu chake kikiupita uso wa meza kidogo tu. Mwalimu hakuwa na maringo. Alimuuliza jina, akamuuliza kama ameogopa, kisha akachagua kitabu, akakifungua katikati na kumkabidhi mkononi.

Aidah alikitazama. Akakitazama tena. Midomo ikaanza kusogea, ikasimama. Hadijah aliona kidole kikienda juu ya ukurasa, kikipotea, kikirudi. Mtoto aliyekuwa akisoma kama maji ya bomba kila asubuhi sasa alitoa silabi moja, akatoa nyingine isiyokuwamo.

“Polepole tu,” mwalimu akamwambia.

Polepole haikusaidia. Hadijah akajilaumu kwamba amemdanganya mtoto na kujidanganya mwenyewe, kwamba Aidah alikuwa amekariri tu kitabu kile kimoja kisicho na jalada, na kwamba kina cha maji amekijua wakati mashua imekwisha kuzama. Aliliona sanduku la bati. Aliliona lori likivuka.

Mwalimu Echodu alikichukua kitabu taratibu kutoka mikononi mwa mtoto, akakilaza wazi mbele yake mwenyewe, akamgeukia Hadijah. “Mama, usihuzunike,” akasema. “Bado kidogo. Kama yuko huyo shangazi wa Tororo uliyenitajia, heri aanzie huko mwanzo mwanzo.”

Hadijah alifungua kinywa ili aseme asante, kwa maana adabu ni adabu hata wakati wa kunyongwa. Kabla neno halijatoka, sauti nyembamba ikaanza kusoma.

Ilikuwa ya Aidah. Alikuwa amesimama pale pale, ng’ambo ya meza, mikono nyuma, macho yameshuka kwenye kitabu kilichomwelekea mwalimu. Alisoma habari ya mkulima na ng’ombe wake, mstari kwa mstari, nukta akapumzika, mkato akavuta pumzi. Alimaliza ukurasa, akangoja mtu afunue.

Mwalimu akafunua. Mtoto akasoma. Mwalimu akakunja uso, akasema pengine anakijua kitabu hiki, akavuta gazeti la Kiswahili la jana yake lililokuwa chini ya kikombe cha chai, akaliweka mbele yake mwenyewe. Aidah akasoma bei ya pamba na habari ya daraja lililochukuliwa na mto. Hapo Mwalimu Echodu akaligeuza gazeti, likamwelekea mtoto. Mtoto akakwama. Akaligeuza tena, likamwelekea yeye. Mtoto akaendelea palepale alipoachia.

Mwalimu aliweka miwani mezani. Mabega yakaanza kumtetemeka, akacheka mpaka akatafuta leso.

“Mama Aidah,” akasema alipopata pumzi, “huyu mtoto anasoma kitabu kichwa chini. Alikuwa anakaa wapi wewe ukimfundisha?”

Hadijah alianza kujibu kwamba alikaa mbele yake, kwa adabu, akanyamaza katikati. Kule Mumias kila mtoto alikuwa na juzuu lake mwenyewe mapajani, limemwelekea yeye. Hapa kitabu kilikuwa kimoja, na siku zote kilimwelekea mwalimu. Na yale majivu je? Kila herufi aliyoisifu ilisimama wima kwake yeye, kumbe mwandishi aliiandika miguu juu, akianzia kulia kwake kwenda kushoto, na binti wa mwalimu wa chuo hakuona ajabu yoyote.

“Mwalimu, kosa ni langu,” akasema. “Mtoto hana hatia.”

“Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,” Mwalimu Echodu akajibu, bado anapangusa macho. “Mama, sikia. Darasa la tatu nina kitabu kimoja kwa watoto wanne. Wawili wanakaa upande mzuri, wawili wanakaa ng’ambo. Kila asubuhi ni vita, na wa ng’ambo wanalia. Huyu wako hatapigana na mtu. Jumatatu aje. Kugeuka tutamgeuza, kusoma anajua.”

Hadijah hakumbuki walivyotoka. Anakumbuka kwamba nyuma ya ukuta wa shule alichuchumaa, akajifunika uso kwa leso yake na kulia, kilio kile kitamu ambacho mtu hulia jiwe likishaondoka kifuani. Aidah alimngoja, akamwuliza kama amekosea. Hadijah akamwambia hapana, hakukosea kitu. Wakanunua ndizi za kuchoma, wakala wakitembea, jambo ambalo siku nyingine lingepigiwa kelele.

Mbarak alikuja jioni akiwa na uso wa mtu anayekwenda kung’olewa jino. Alipoona sanduku la bati limerudi uvunguni aliketi kizingitini bila kuvua viatu. Alisimuliwa mara moja, akataka asimuliwe tena, na kila mara ilipofika pale pa gazeti alipiga paja. Mwishowe akakiri kwamba tangu amtaje Zulaika chakula kilikuwa hakimpiti kooni, na kwamba alikuwa ameomba lori liharibike. Hadijah akamwuliza kwa nini basi hakusema. Mbarak akamwuliza na yeye kwa nini hakusema. Wakatazamana kama wajinga wawili, na furaha ikawa kubwa zaidi.

Jumatatu Aidah aliondoka na begi la kitambaa, akapita ile kona bila kugeuka. Hadijah alimaliza mandazi, akatandika mkeka, akaweka kibao. Abdallah akaja kukaa mahali pake pa kila siku, ng’ambo, miguu ameikunja. Tayari alikuwa anazijua irabu zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Hadijah alikuwa amekwisha kuuona ukuta wenyewe.

Akaupigapiga mkeka kando yake. Mtoto akasita, maana ubavuni kwa mwalimu si mahali pa kukaa, alikuwa amefundishwa hivyo kabla ya kujua alifu. Hadijah akarudia kuupigapiga. Abdallah akazunguka, akakaa, akamwegemea mama yake kwa uzito wake wote, na siku ile hakuuliza hata mara moja kama masomo yamekwisha.

Alasiri Aidah alirudi na vumbi mpaka magotini. Alieleza habari za dawati, za mwalimu, za kugeuziwa kitabu mara tatu kabla ya mapumziko. Alisema upande mzuri unamtia kizunguzungu kidogo, lakini ataweza. Kisha akakivuta kibao chenye kitabu juu yake, akakaa mahali pake pa zamani, ng’ambo, ili awaonyeshe alichosoma. Hadijah alinyoosha mkono kukigeuza kitabu kimwelekee.

“Usigeuze, mama,” Aidah akasema. “Nikisoma huku, ninakuona uso.”

Hadijah akauondoa mkono, na kitabu kikabaki kama kilivyokuwa.