Mifupa ya Kiwanja cha Moina

Tangu mamluki wa Kizungu washike nchi mwaka 1978, watu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha Nzuani, walijifunza kufunga midomo. Ousseni, kuli wa bandarini, hakujifunza. Aliwatania hadharani, askari wao wakaja kumchukua asubuhi kweupe, na habari zake zikakatika. Dada yake, Rahamatou, alimtafuta mpaka Moroni, akafukuzwa kwenye lango la gereza kama kuku.

Miaka ikapita, posa ya binti yake Moina ikaja, na kule Nzuani binti haolewi bila nyumba. Mafundi wakaanza msingi. Chini wakakuta mbavu nene, nyeusi, katikati ya vigae na masizi. Mtaa mzima ukanong'ona jina moja: Ousseni. Shehe Djoumoi, kwa kuhofu askari wasije kuzibeba, akaharakisha: mbavu zikaoshwa, zikavishwa sanda, zikasaliwa na kuzikwa kabla ya adhuhuri. Fuvu liko wapi? Nani angethubutu kuuliza! Rahamatou akapokea pole, hitima ikasomwa, lakini moyo wake uligoma kukubali.

Haikupita wiki akafika Assoumani, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Moroni, aliyesikia habari za vigae. Akavichambua, akaeleza kuwa ni vyungu vya watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja nyuma, kabla mji haujajua nyumba ya mawe. Kisha akaomba kuziona mbavu. Shehe akaja juu, akasema kaburi la Mwislamu halichezewi. Neno likabaki kwa Rahamatou. Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Akifukua, huenda akathibitishiwa msiba. Asipofukua, atazeeka bila kujua.

"Fukueni," akasema.

Assoumani akafungua sanda, akaupima ubavu mmoja mkononi, akapitisha kidole kwenye alama za kisu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Rahamatou akadhani analia, kumbe amebana kicheko.

"Dada, huyu ni nguva, mnyama wa baharini. Wazee wetu walimla, wakatupa mifupa hapa pamoja na vyungu vilivyovunjika."

Shehe akatazama viatu vyake. Ama kweli, mji mzima ulipanga safu ukakisalia kitoweo! Rahamatou akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na ule uzito wa kifuani ukamtoka wote. Hakuwa amempata kaka yake, la; lakini pia hakuwa amemzika. Assoumani alipoomba azipeleke mbavu Moroni watu wakazione, Rahamatou alimwambia abebe zote, na sanda yake.

Jioni wakaja wazee wa upande wa bwana harusi, ambao habari ya nguva ilikuwa haijawafikia. Wakauliza kwa upole ni nani atakayekaa mahali pa mjomba wa Moina siku ya ndoa, maadamu marehemu ameshatangulia.

Rahamatou akawamiminia chai kwanza.

"Marehemu gani?" akasema. "Mjomba wake ni Ousseni. Hajarudi tu."